Sura ya Saba: Nani wa Élie?

Mpira ulimponyoka Nadia, mrushaji wa Baraka, ukaenda kumpiga msichana wa Uvira begani. Ulikuwa wa tatu siku hiyo. Msimu mzima, mechi saba, Nadia hakuwa amemgonga mtu hata mmoja, na sasa kwenye fainali, mbele ya nusu ya mji wa Baraka, alikuwa amewagonga watatu na raundi ya nne haijaisha.

"Pole, dada," alisema.

Msichana wa Uvira alijipangusa vumbi, akamkata jicho, akaenda zake kwenye kituo cha kwanza, kama sheria inavyompa aliyepigwa. Kocha Darius alisimamisha mchezo. Huyu Darius alikulia katika kambi ya wakimbizi Uganda na huko ndiko alikojifunza softiboli. Aliporudi kwao Fizi alileta magongo mawili, mipira mitano na kichwa kigumu, akawafundisha wasichana wa chuo mchezo ambao Baraka iliucheka mwaka mzima, kisha ikaupenda. Alimfuata Nadia pale katikati ya uwanja, akasema naye kwa sauti ya chini.

"Nadia, iko nini leo? Umeshapiga batu batatu."

"Kocha, ni saa ngapi?"

"Tisa na nusu."

"Bato ya Swima imefika?"

Darius aligeuka kutazama upande wa ziwa, ingawa kutoka pale uwanjani ziwa halionekani. "Itafika. Ni mupepo inabachelewesha. Tuko mbele na pointi moja, mwana wangu. Rusha mupira."

Ngoja nikueleze hofu ya Nadia, maana ukimwona tu utadhani ni ya kushindwa mechi. Nadia alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea masoko ya mitandaoni. Mtihani wao wa mwisho ulikuwa hivi: kila mwanafunzi anamchukua mfanyabiashara mmoja wa kweli, anamtangaza Facebook na WhatsApp mwezi mzima, kisha anasimama mbele ya walimu na kuonyesha wateja walioongezeka. Wenzake walichukua maduka na saluni. Nadia alichukua bato ya baba yake, Mzee Yunusu, boti ya mbao inayobeba abiria kati ya Swima na Baraka. Aliipiga picha asubuhi jua likiwa zuri, akaifunga kitambaa cha kijani, rangi ya timu yao, akaandika chini yake: "Fainali ni Jumamosi! Watu wa Swima, vaa kijani, lipa nusu." Basi. Maneno hayo machache yalizunguka Swima nzima kwa siku nne. Watu ambao hawajawahi kuona gongo la softiboli walinunua vitenge vya kijani. Mwalimu wake alimwandikia "Bravo" yenye alama tano za mshangao.

Asubuhi hiyo, saa moja kasoro, ujumbe uliingia kwenye simu yake. "Sheri, niko mu bato ya baba yako. Batu ni mingi, hata pa kuweka muguu haiko. Ni kazi yako hii! Niko nakuya kukuona unashinda."

Nadia alicheka. Hilo ndilo lililomtafuna tangu adhuhuri, kwamba aliusoma ujumbe ule na kucheka. Bato ilitakiwa kufika saa sita. Saa sita upepo ulivuma hadi mabati ya soko yakapiga kelele, na bato haikuonekana. Alipiga ile namba mara ishirini na mbili, na mara ishirini na mbili ile sauti ya mwanamke ikamwambia kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani.

Mwenye namba ile, kwenye simu ya Nadia, aliandikwa Gentille, jina la msichana. Lakini hakuwa Gentille. Alikuwa Élie, kijana wa Swima mwenye kibanda cha viatu hapa sokoni Baraka, Mbembe kwa kabila, wa kanisa la Kiprotestanti, mpole, mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano. Timu ilipokosa glovu, Darius alimpelekea Élie ngozi ya ng'ombe kutoka Minembwe, na Élie akawashonea wasichana tisa glovu tisa. Kila mmoja alimpima mkono kwa uzi. Mkono wa Nadia aliupima mara tatu. Mkono mmoja unapimwa mara tatu kwa nini? Nadia alijua kwa nini, wala hakuuondoa.

Mzee Yunusu aliwakuta mwezi wa pili, wamesimama nyuma ya kibanda, wala hawakuwa wameshikana hata kidole. Hakupiga kelele. Alimpeleka binti yake nyumbani, akamketisha, akamwambia, "Nadia, mi sikukataza kucheza. Umefunga kitambaa chini ya kofia, umevaa suruali ndefu, nikasema sawa. Sikukataza kusoma. Lakini ule fundi ya viatu, mutoto ya kanisa, nisisikie jina yake mu kinywa yako. Siku nitaisikia, mupira imekwisha, masomo imekwisha, utaenda kwa shangazi yako Kigoma." Nadia aliitikia. Na kwa muda wa miezi minne alikuwa hajalitaja jina lile mbele ya mtu yeyote wa nyumbani kwao, hata kwa bahati mbaya.

Sasa alikuwa amesimama na mpira mkononi, na mkono haumtii.

Alirusha. Mpira ulipita juu ya kila mtu. Mashabiki walicheka, kisha kicheko kikakatika upande mmoja wa uwanja, na Nadia akaona watu wanainuka. Hawakuinuka kama watu waliochoka na mchezo. Waliinuka mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na kina mama wakajifunga vitenge viunoni na kuanza kukimbia kuteremka kuelekea ziwani.

"Iko nini?" aliuliza kwa sauti.

Mtu mmoja alimjibu bila kusimama. "Bavuvi bametoka Mboko! Balionaka bato, moteri imezima, inabebwa na maji! Kiisha mvua ikafunika, habakuiona tena!"

Nadia aliweka mpira chini, palepale kwenye alama ya kurushia, akaanza kutembea.

"Nadia!" Darius alimkimbilia. "Ukitoka tumeshindwa. Murushaji mwingine hatuna, na sheria unaijua."

"Najua, kocha."

"Uko na mutu mule?"

Nadia alifungua mdomo, jina likafika ulimini, akalimeza. Miezi minne ya kulimeza ilikuwa imemzoesha. "Ni bato ya baba yangu," alisema, akashika njia, na baada ya hatua chache akawa anakimbia.

Bandarini kulikuwa kimya, na kimya kile kilimtisha kuliko kelele. Ukitaka kujua watu wa pale wameingiwa na hofu kweli, sikiliza: hawalii. Bato ikichelewa, mtu haruhusiwi kulia, kwa sababu kumlilia aliye majini ni kumzika angali anapumua. Na kuna utaratibu wao. Wenye watu ndani ya bato wanakaa chini kwenye mchanga, karibu na maji, nyuso zimeelekea ziwani. Wasio na mtu wanasimama nyuma, kule kwenye mabohari. Katibu wa bandari anapiga simu walikotoka abiria, anasomewa orodha iliyoandikwa wakati wa kupanda, kisha anaita jina moja moja: nani wa fulani? Mwenye mtu wake anajibu, anataja ni nani kwake, anaenda kukaa. Jina linaitwa mara tatu. Likikosa mwenyewe, katibu anachora duara dogo pembeni yake na kuendelea. Mtu wa duara ni mtu anayesubiriwa na maji peke yake.

Mama yake Nadia alimwona wa kwanza, na jezi yake ya kijani, akamdaka mkono kwa nguvu. Kila mtu alimwita Mama Ali, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Simama hapa na mi," alisema. "Usiende mbele."

"Mama..."

"We haiko na mutu mule, Nadia. Umesikia? Haiko."

Nadia alimtazama mama yake usoni, na mama akayakwepa macho yake. "Mama, unajua?"

"Mi nilikuzaa. Najua tangu siku ile ya glovu. Fundi hashone vile kwa mutu wa bure." Mama Ali aliteremsha sauti zaidi. "Nyamaza tu, mwana wangu. Omba mu roho yako. Mungu anasikia hata ile haitajwe. Baba yako iko pale."

Mzee Yunusu alikuwa amesimama peke yake kando ya mapipa ya mafuta, kanzu imeloa mgongoni, mikono ameifunga nyuma. Wenye bato hawakai na wanaosubiri. Wanasimama peke yao, na hakuna anayewasogelea.

Katibu Déogratias, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, alishika daftari kwa mikono miwili.

"Nani wa Shukuru?"

"Mimi, Henri. Ni muke yangu." Mwanaume mrefu alitoka kwenye kundi, akaenda kukaa. Alikaa kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nani wa Bahati na mutoto yake?"

"Mimi. Ni yaya yangu, tumbo moja na mi."

"Nani wa Albert?"

"Sisi. Ni papa yetu." Binti zake wawili walishikana mikono wakaenda.

Nadia alihesabu. Arobaini. Arobaini na sita. Hamsini na mbili. Bato ya baba yake aliijua tangu utoto, aliijua mbao kwa mbao, na alijua ilikuwa inabeba watu thelathini na tano. Kila jina lililoitwa lilikuwa na kitambaa cha kijani, na kila kitambaa kilinunuliwa kwa sababu ya maneno yake. Alianza kuomba jina lile lisiwepo. Labda alikosa nafasi. Labda alitania tu. Élie alipenda kutania.

"Nani wa Élie, fundi ya viatu?"

Hakuna aliyejibu. Watu waligeuza shingo. Ndugu za Élie wote walikuwa Swima, na hapa Baraka alikuwa na kibanda, sindano na wateja tu.

"Nani wa Élie?"

Vidole vya Mama Ali viliingia kwenye nyama ya mkono wa Nadia. "Usiseme," alinong'ona. "Nakuomba. Akirudi, atarudi tu. Asiporudi, utakuwa umejiharibia maisha juu ya mutu haiko tena."

Ni maneno ya mama mwenye akili, na mimi simlaumu. Nadia aliona Kigoma, akaona nyumba ya shangazi, akaona daftari zake zimefungwa kwenye mfuko. Kisha akamwona Déogratias akiinua kalamu kwa ajili ya duara. Akamwona Élie mahali fulani kwenye maji yale ya kijivu, ameshika ubao, na ufukweni hakuna hata mtu mmoja aliyekaa chini kwa ajili yake. Moyo wake ulikataa. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe, na bado moyo ulikataa.

"Kwa mara ya tatu. Nani wa Élie?"

"Mimi."

Sauti ilitoka nyembamba. Déogratias hakuona imetoka wapi. "Nani amejibu?"

Nadia alitoa mkono wake kwenye mkono wa mama, akasogea mbele. "Mimi. Nadia, binti ya Yunusu."

"Ni nani yako?"

"Ni mutu wangu."

"Mutu wako namna gani? Mi niko naandika, Nadia."

Alijua baba yake anamtazama. Hakugeuka. Angegeuka, angeshindwa. "Andika ni ule nampenda," alisema. "Andika ni ule nitaolewa naye, kama Mungu atamurudisha."

Mnong'ono ulipita nyuma kule kwenye mabohari. Déogratias aliandika bila kuinua kichwa, na Nadia akaenda kukaa mchangani. Henri, ambaye hakuwahi kuongea naye hata siku moja, alisogea kidogo kumpa nafasi.

Viatu vya Mzee Yunusu vilifika mbele yake. Aliviona kwanza, kisha pindo la kanzu.

"Nadia. Simama."

"Siwezi, Baba."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisitaje jina yake. Nimetaja." Machozi yalimlengalenga, akayazuia, kwa sababu kulia hakuruhusiwi. "Unipeleke Kigoma kesho. Kweli, Baba, nitaenda, sitabisha. Lakini leo niko na mutu mu maji, na ni mi nilimuita. Uniache nikae."

Viatu viligeuka, vikarudi kwenye mapipa.

Mvua ilinyesha, ikaacha. Darius alikuja na timu nzima, na nyuma yao, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, wakaja wasichana wa Uvira na jezi zao nyekundu. Walisimama nyuma, kwenye mabohari. Yule aliyepigwa mpira begani alimletea Nadia chupa ya maji, akaiweka mchangani, akarudi. Nadia hakunywa. Alitazama mahali maji yanapokutana na mvua mpaka macho yakaanza kumdanganya. Kila wimbi jeusi aliliona kichwa cha mtu. Alikumbuka kwamba Jumatano Élie alimwomba wakutane dakika tano tu kabla hajaenda kwa mama yake, naye akakataa, akisema ana kazi ya kutangaza bato. Dakika tano. Angezipata wapi sasa?

Ilikuwa saa kumi na nusu pikipiki iliponguruma nyuma ya mabohari. Hakuna aliyegeuka, maana aliyesubiriwa alisubiriwa kutoka majini. Kisha mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Yesu! Ule si Élie?"

Nadia aligeuka. Alikuwa amesimama pale kati ya watu, tope mpaka kifuani, kiatu kimoja, suruali imechanika gotini. Watu walimpisha kama wanavyompisha mtu wasiyejua kama ni mzima. Naye hakumtazama yeyote kati yao. Macho yake yalitembea juu ya wale waliokaa mchangani, taratibu, mpaka yakamfikia Nadia, na yakaganda.

Alielewa. Alikuwa mtoto wa ziwa, alijua maana ya mtu kukaa pale.

Alisogea akachuchumaa mbele yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, mikono yake ameibana magotini isije ikafanya isichoruhusiwa mbele ya watu. "Nadia," alisema. "We umekaa hapa juu yangu, unaningoya?"

"Uko muzima?" Nadia alisikia sauti yake mwenyewe ikipanda. "Uko muzima na simu haiite? Nimekufa tangu saa sita, Élie! Nimekufa mara ishirini na mbili!"

"Simu iliingia mu muto na pikipiki. Daraja ilibebwa na mvua, tulivukisha pikipiki mu mabega." Alimeza mate. "Nilishuka mu bato, Nadia. Kiisha kukuandikia, baliongeza batu wengine kumi na tano. Nikaambia Willy, ule anaendesha, bato hii itatukataa. Hakunisikia. Nikashuka. Nikamuambia karani afute jina yangu, akasema karatasi imeshakunjwa."

Nadia alifunika uso kwa mikono, mabega yakamtetemeka, na hakuna aliyemkemea. Déogratias alikuja na kalamu yake. Alikuwa na furaha, masikini, furaha ya kufuta jina moja.

"Basi nafuta. Nadia, unaweza kutoka. Mutu wako iko hapa."

Hapo Nadia alifunua uso. Alimwona Henri akitazama maji. Aliwaona mabinti wawili wa Albert. Hofu iliyokuwa imemtoka kwa ajili ya mtu mmoja ilirudi kwa ajili ya wote, na hii ilikuwa nzito zaidi.

"Usifute, Papa Déo," alisema. "Acha nikae. Bale bote, ni mi nilibaita. Tangazo ya kijani ilikuwa yangu."

Wengine walijua, wengine hawakujua. Henri aligeuka polepole. "Ni we?" aliuliza. "Shukuru alinunua kitenge juu yako?"

"Ni mimi, Papa Henri."

"Kwa mupira?" Sauti yake ilivunjika. "Batu banakufa kwa mupira?"

Mtu nyuma alisema, "Atolewe pale!" na mwingine akaitikia. Duara la watu lilianza kubana. Élie alisimama, akajiweka kati yao na Nadia, na kiatu chake kimoja, bila fimbo. Kwa mara ya kwanza siku ile Nadia aliogopa nchi kavu.

"Élie."

Ilikuwa sauti ya Mzee Yunusu. Alikuwa ametoka kwenye mapipa, na watu wakampa njia. Lile jina alilolikataza nyumbani kwake alilitamka mwenyewe, wazi, kila mtu akisikia.

"Ulipomuambia Willy bato imejaa, alikujibu nini?"

Élie alimtazama Nadia, kisha akatazama chini. "Mzee, aseme mwenyewe akifika."

"Nakuuliza we."

Nadia alimwona Élie akiendelea kutazama mchanga, akajua kwamba analijua jibu na hatalitoa, hata wampige pale pale. Na Mzee Yunusu naye aliona.

"Alisema patron ameagiza," alisema mzee. "Si ndiyo? Alisema Yunusu amepiga telefone asubuhi, akasema abebe bote, asiache hata mumoja." Aliwageukia watu. "Mutoto aliita batu. Kuita si kosa. Mi ndiye niliambia Willy ajaze. Munatafuta mutu? Mutu ni mi. Niko hapa."

Mzee Yunusu alivua kofia yake, akajishusha taratibu kama wazee wanavyojishusha, akakaa mchangani, mahali ambapo mwenye bato hakai.

Déogratias alibaki na daftari lake hajui afanye nini. Mwishowe akashika desturi, maana ndiyo pekee aliyokuwa nayo. "Mzee Yunusu," aliuliza kwa upole, "na we ni wa nani?"

"Willy," alisema mzee. "Haandikwe mu orodha, kwa sababu ni mufanyakazi. Nani wa Willy? Mimi."

Nadia alitaka kumshika baba yake mkono na hakuthubutu. Wakakaa hivyo, watatu, kwa kuwa Élie naye alikuwa ameketi, mzee katikati, mpaka kijana mmoja aliyepanda juu ya bohari akapiga kelele na kunyoosha kidole.

Bato ilikuja polepole mno. Ilikuja imeinama upande, inavutwa kwa kamba na mitumbwi mitatu ya wavuvi wa Mboko, abiria wanapiga makasia kwa vipande vya mbao na kumwaga maji kwa sufuria. Hapo tu ndipo watu walipoingia majini wakilia, kwa kuwa sasa kulia kuliruhusiwa. Henri alikuwa wa kwanza, maji kifuani, akiita jina la mke wake. Déogratias alihesabu wakishuka, akahesabu tena. Walikuwepo wote. Willy alishuka wa mwisho, ametapika mpaka basi, na Mzee Yunusu akamfuata kwenye maji na kanzu yake, akamshika mabega, akamwambia kitu ambacho Nadia hakukisikia.

Aliporudi, ameloa mpaka kiunoni, alisimama mbele ya Élie. Nadia alikuwa bado amekaa.

"Kesho, kiisha saa nane, ukuye kwangu," alisema mzee. "Usikuye peke yako. Kuya na mukubwa moja ya kwenu, ule anajua kuongea."

Élie aliinuka haraka, akaanza kujipangusa tope kifuani.

"Sijasema ndiyo," alisema Mzee Yunusu. "Wa kanisa ni wa kanisa, na mi niko na maswali mingi. Nimesema ukuye."

"Nitakuya, Mzee."

Nadia alijaribu kusimama, na miguu ikamkatalia. Ilikuwa imekufa ganzi, naye alikuwa anaogopa kwamba akisema neno lolote, au akicheka, au akipumua vibaya, yote yatageuka. Élie alimnyooshea mkono, ule wenye alama za sindano, mbele ya Baraka nzima. Nadia alimtazama baba yake.

Mzee Yunusu aligeuza uso akatazama ziwa, kama mtu aliyeamua kutoona.